Kiberiti cha Mwezi wa Pili

NAIBU CHIFU: Nianze na amri yenyewe tusije tukazungushana. Kuanzia Desemba mvua za vuli zinapokatika, hadi mvua ndefu za Machi zitakaposhika, mtu asichome shamba, kichaka wala ukingo wa barabara katika kata ndogo yangu. Miezi hii upepo hauna adabu, nyasi zimekauka mpaka shinani, vijito vimebaki matope. Moto ukishika saa nane mchana chini ya vilima vya Amukura, cha kuuzimia ni matawi mabichi na ndoo za kina mama. Atakayeonekana na kiberiti shambani nitamwita.

MKULIMA: Basi utaniita mimi wa kwanza, Chifu, maana mwezi unaoufunga ndio mwezi wangu wa kutayarisha shamba. Wimbi halimngoji mtu. Linataka udongo uliolainishwa mapema, mbegu iwe chini mvua ya kwanza inapodondoka. Ukichelewa wiki mbili, magugu yanalimeza. Nina ekari mbili na nusu. Zimejaa mabua ya mahindi, magugu yaliyobaki ya vuli, na ile nyasi yenye ncha ambayo ukiing'oa, mizizi inabaki chini ikikucheka. Watoto wako Nairobi. Nikiwasha, kazi ya kufyeka imeisha kabla chai haijapoa. Nisipowasha, niwalipe vibarua kwa siku, na Januari pesa hiyo tayari inadaiwa na shule.

MUUZA NYASI: Karo yako iko kwenye kiberiti, mzee, na yangu iko kwenye nyasi. Nyasi za kuezekea hazikatwi mbichi. Tunaziacha zisimame zikauke, tunazikata Januari na Februari, tunafunga matita, tunayaegemeza kando ya njia mpaka mwenye nyumba au mwenye ghala aje na mkokoteni. Hapo ndipo moto unapozikuta. Ule uliovuka mpaka ukala matita yangu ulitoka kwa mtu aliyekuwa anasafisha shamba kidogo tu. Nilipomwuliza akasema upepo uligeuka. Nami nimehudhuria mabaraza mengi, sijaona upepo ukiitwa ukalipa.

MWALIMU: Hapo alisema kweli, Mama, hata kama hakusema yote. Januari na Februari hewa inayotufikia asubuhi ni kavu, inatoka upande wa mashariki na kaskazini mashariki. Jua likipanda, nchi kavu inashika joto haraka kuliko Ziwa Viktoria. Hewa ya huku inapanda, na ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Kwa hivyo aliyewasha saa tatu akiwa ameupa upepo mgongo anaweza kujikuta alasiri unampiga usoni. Ongeza pepo za chamchela, zile zinazozunguka na vumbi na majani: moja ikipita juu ya mabua yanayowaka, inachukua vipande vyenye moto na kuviangusha juu ya paa la mtu ambaye hata hajui kuna moto. Na kilima nacho. Moto unaopanda mteremko hukimbia, kwa kuwa miali inazikausha nyasi za juu kabla ya kuzifikia. Wazimamoto hukadiria kwamba kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, mwendo wa moto huongezeka maradufu.

Watu wengi hudhani hatari hii ni ya nchi kame. Jangwani hakuna cha kuungua! Kaunti ya Busia hupata kati ya milimita 760 na 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayootesha nyasi za kufika kifuani, kisha kiangazi kinakuja kuzigeuza kuni.

MKULIMA: Wazee wetu waliyajua hayo bila nyuzi wala milimita, na bado walichoma. Walichoma kwa sababu. Kichaka kilikuwa makao ya mbung'o, na huku malale hayakuwa hadithi ya kutishia watoto. Hospitali ya malale ya Alupe haikuwekwa pale kwa ajili ya mandhari. Nyasi kuukuu zilikuwa na kupe. Zikichomwa, ng'ombe wanapata majani mororo hata kabla mvua haijarudi. Wawindaji walipata panya na kwale. Siku ilichaguliwa na wazee, vijana wakapanga mstari, watoto wakakaa na matawi upande ambao upepo unaelekea. Moto ulikuwa kazi ya ukoo mzima.

MUUZA NYASI: Ukoo mzima. Siku hizi mtu anawasha peke yake, simu iko sikioni.

MKULIMA: Nimwite nani? Hao wa kushika matawi ndio hao wako Nairobi.

NAIBU CHIFU: Na tambarare waliyoichoma haipo, mzee. Ardhi imepimwa, imegawanywa, imerithiwa, imegawanywa tena. Palipokuwa malisho ya ukoo leo pana vipande vyenye upana wa mita thelathini, kila kimoja na nyumba yake, ghala lake na choo chake. Moto wa babu yako ulikuwa unaishia mtoni au kwenye njia ya ng'ombe. Wako unaishia jikoni kwa mtu.

MWALIMU: Na kuhusu mbung'o, wamepunguzwa kwa mitego na kwa dawa wanayopakwa ng'ombe. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma.

MKULIMA: Ya binadamu. Ng'ombe wangu hawakualikwa kwenye sherehe hiyo. Na kupe je? Majosho ya umma tuliyoswagia mifugo tukiwa watoto yamebaki kuta na mbigili. Dawa ya kunyunyiza nanunua dukani kwa pesa yangu. Ndigana ikiingia zizini, haiulizi kama nilikuwa na pesa hiyo. Mnaniondolea moto, mnaniwekea nini?

MWALIMU: Moto unaua kupe walio juu ya majani siku hiyo. Ng'ombe wa jirani akikatiza wiki ijayo, wamerudi. Lakini tuseme shida yako ni hiyo nyasi yenye ncha. Hakuna mmea shambani mwako unaopenda moto kuliko huo. Mizizi yake imelala chini, moto unapita juu kama mgeni asiyekaa, na mvua ikinyesha yenyewe ndiyo ya kwanza kuchipua, wakati miche ya miti na mimea iliyokuwa ikishindana nayo imeshakufa. Kila ukichoma unaipalilia. Kayongo naye, yule mwenye ua la zambarau anayenyonya mahindi na wimbi mizizini, mbegu zake ni laini kama vumbi, zimezama udongoni, na zinaweza kungoja zaidi ya miaka 10. Joto la mabua yanayowaka halizifikii.

Halafu kuna kinachoondoka na moshi. Nitrojeni iliyokuwa ndani ya mabua huenda hewani, karibu yote. Unabaki na majivu: potasi, chokaa, fosforasi kidogo. Mvua ya kwanza ikija kwa kishindo, inayasomba kuelekea Mto Sio.

MKULIMA: Wimbi langu penye majivu hutoka kijani kuliko penginepo. Hilo sikulisoma popote, Mwalimu. Nimeliona mwaka baada ya mwaka.

(Niingilie kidogo, kwa sababu hapa mzee alikuwa na haki kuliko alivyopewa. Udongo wa Teso Kusini, mwingi wake uliotokana na miamba ya granaiti, ni wa kichanga na una asidi. Majivu huipunguza asidi hiyo, na mche mdogo huonyesha faida ndani ya wiki chache. Hasara ya nitrojeni huja polepole, msimu kwa msimu, na mwenye ekari mbili na nusu analima kwa hesabu ya msimu huu. Anayemwambia aache moto anamwomba amkopeshe udongo pesa ambayo hana.)

NAIBU CHIFU: Tusigeuze baraza hili kuwa darasa la kilimo. Mimi sikuleta amri kwa ajili ya wimbi. Nimeleta kwa sababu ya paa. Huku nyumba za nyasi bado zipo, maghala ya nyasi bado yapo, na ghala likiungua Februari, familia haina akiba hadi mavuno ya katikati ya mwaka. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya zimamoto na maafa. Sawa. Lakini gari likitoka mjini Busia, lipite lami, liingie barabara ya vumbi, liulize njia kwa boda boda, litakuta watu wanahesabu vilivyobaki. Kwa hivyo mahali ambapo huwezi kuzima, unakataza kuwasha. Sioni kigumu.

MUUZA NYASI: Kigumu kipo, Chifu. Unazungumza kama kwamba kila moto umetoroka. Mingine imetumwa. Mbona hatutaji miwa?

MKULIMA: Tuitaje basi. Mimi ninayo robo tatu ya ekari, nyuma ya nyumba. Miwa ikikomaa na lori la kiwanda halijaja, majani ya chini yanakauka na kujilundika. Unangoja kibali cha kukata. Unaambiwa wiki ijayo. Mwezi unapita. Jirani yako amepata lori, wewe bado. Lakini miwa iliyoungua haiwezi kungoja: ndani ya siku chache utamu umeshuka na uzito umeshuka, kwa hivyo inachukuliwa haraka kabla haijaharibika kabisa. Wanakukata pesa, ndiyo. Lakini pesa iliyokatwa ni pesa, na miwa iliyokaa shambani ni miwa. Kuna watu wamepiga hesabu hiyo usiku, na asubuhi wakalia kwa sauti kubwa kuliko wote.

NAIBU CHIFU: Kuchoma miwa makusudi ni kosa la jinai.

MKULIMA: Lithibitishe. Majivu hayana alama za vidole.

NAIBU CHIFU: Wewe uliwahi?

MKULIMA: Ya kwangu iliungua mara moja na lori likaja siku ya pili. Zaidi ya hapo sina la kusema mbele ya naibu wa chifu.

MUUZA NYASI: Mnaona? Mimi ndiye ninayekaa kati ya miwa ya huyu na miwa ya yule. Miwa ikiungua, mlio wake ni wa risasi, na majani yanayowaka yanaruka juu kuliko mwembe. Hakuna ndoo hapo. Watoto na mbuzi wanatolewa kwanza, halafu tunatazama tu. Kwa hivyo nikisikia amri inayomtisha mzee kwa ajili ya mabua, huku ule moto mkubwa ukiwa na faida kwa aliyeuwasha, nauliza amri hiyo inamlinda nani.

DEREVA WA TRELA: Na mimi niulize, kwa sababu nyote mnazungumza mashamba. Kazi yangu ni mafuta, kutoka huku kwenda Kampala. Januari 2022, Uganda ilipotaka kila dereva apimwe Korona mpakani, malori yalipangana kutoka Malaba kilomita nyingi kurudi upande wa Bungoma. Uganda ikaishiwa petroli, na petroli yenyewe ilikuwa imesimama hapo kando ya nyasi zilizofika kiunoni. Tulipika chini ya trela, kwa makaa na kwa stovu. Wenzetu wanavuta sigara. Mnakumbuka Sachang'wan karibu na Molo, Januari 31, 2009? Mafuta yaliyomwagika yaliwaka, watu zaidi ya 100 wakafa, na hapakuhitajika shamba la mkulima yeyote. Amri yako inasema ukingo wa barabara usichomwe. Mimi naiunga mkono. Lakini usipochomwa na usipofyekwa, umetuwekea petroli ndani na kuni nje. Nani atakayefyeka?

NAIBU CHIFU: Hilo ni la wenye barabara.

DEREVA WA TRELA: Ambao hawako hapa.

MWALIMU: Dereva amegusa jambo. Februari 26, 2024, huko Texas, upepo mkali wa mwisho wa baridi ulikuta nyasi kavu za tambarare, na moto mmoja ukala zaidi ya ekari milioni moja. Ndio mkubwa kuliko yote katika historia ya jimbo hilo. Maelfu ya ng'ombe walikufa. Chanzo chake kilikuwa nyaya za umeme. Wafugaji waliounguliwa hawakuwa wamewasha hata kiberiti kimoja. Na sisi siku hizi tuna nguzo za miti mpaka vijijini, nyingine zimelala ubavu juu ya mashamba ya miwa.

MKULIMA: Asante, Mwalimu. Umenisaidia bila kukusudia. Kwa hivyo kiwanda kinachelewa, barabara haifyekwi, waya unaning'inia, na katika hao wote aliyepatikana wa kukatazwa ni mimi mwenye jembe.

NAIBU CHIFU: Kwa sababu wewe ndiye niliye na uwezo naye! Nisiseme uongo. Sheria ya Machifu, Sura 128, inaturuhusu kutoa amri kwa wakazi, si kwa nyaya. Na si jambo jipya: tangu enzi za mkoloni vitabu vya Kenya vilikuwa na Sheria ya Moto wa Nyasi, Sura 327, iliyotaka mtu awaarifu majirani kabla ya kuchoma. Wenzetu Uganda walienda mbali zaidi. Tangu 1974 wana sheria inayopiga marufuku kuchoma nyasi, isipokuwa kwa ruhusa.

MKULIMA: Nina shemeji Tororo. Kaa juu ya mawe ya Amukura jioni ya Februari, utazame ng'ambo, uniambie kama moshi umesikia habari za mwaka wa 1974.

MWALIMU: Mzee ana hoja hapo, na ina ushahidi wa mbali. Mali, miaka ya 1980, serikali ya Moussa Traoré ilitoza faini nzito kwa moto wa porini. Watu hawakuacha kuchoma. Walijifunza kuwasha na kukimbia. Utawala ulipoanguka Machi 1991, askari wa misitu walikuwa miongoni mwa watu waliofukuzwa vijijini kwa hasira. Moto wa mtu anayejificha ni mbaya kuliko wa mtu anayeonekana: anawasha saa ambayo hapana watu, na hakai kuulinda.

NAIBU CHIFU: Nami nimesoma, Mwalimu. Ghana 1983, kiangazi kilikuja na moto ulioteketeza kakao na chakula pamoja. Sheria ya kuzuia moto ikatungwa mwaka huo huo. Thomas Sankara pale Burkina Faso, 1985, aliuweka moto wa porini katika mambo matatu ambayo nchi nzima ilipaswa kupigana nayo. Hao hawakuwa wakoloni. Waliona njaa ikija kwa miguu ya moshi.

MWALIMU: Sikatai amri zote. Nakataa amri yenye tarehe mbovu. Kama kuchoma hakuepukiki, basi kuchomwe mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu kidogo shinani, jioni upepo ukishatulia, vipande vidogo, na moto uanzishwe upande ambao upepo unaelekea ili urudi nyuma ukienda polepole badala ya kukimbia. Wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini ya Australia, wanachoma hivyo mwanzo wa kiangazi, na tangu 2006 wanalipwa kwa sababu moto wa mapema unazuia ule mkubwa wa mwisho wa kiangazi, na moshi wake ni mdogo. Hata mbugani Serengeti huchoma mapema. Wewe unafunga kuanzia Desemba. Ungefungua Desemba ukafunga Januari na Februari.

MUUZA NYASI: Mwalimu, Desemba nyasi zangu hazijakomaa.

MWALIMU: Kwa vipande vidogo, Mama, si zote.

MUUZA NYASI: Kipande kidogo kwa nani? Mimi nakata penye nyasi, na penye nyasi ndipo mnapotaka kuchoma. Nyasi iliyoungua Desemba haitakuwa ndefu Januari. Itakuwa majani ya ng'ombe. Mkichoma mapema mmechoma biashara yangu. Mkichoma mwishoni mmechoma nyumba yangu. Na hao wa Australia, jirani wa kwanza yuko umbali gani?

MWALIMU: Mbali sana.

MUUZA NYASI: Basi.

MWALIMU: Angalau kila mtu aache ukanda wa kuzuia moto, usafishwe mpaka udongo mtupu, mita tatu tu kila upande.

MKULIMA: Hesabu, Mwalimu. Shamba langu lina upana wa mita thelathini. Mita tatu huku, tatu huku, hizo ni sita. Moja ya tano ya urithi wangu umeigeuza njia. Na magugu ya hiyo njia nitayalima kwa mgongo upi, kama huo ndio ulionifanya niwashe?

(Wataalamu wanaotazama kutoka juu wangeshangaa kusikia tunagombana. Setilaiti zilizopima dunia kuanzia 1998 hadi 2015 ziliona eneo linaloungua likipungua karibu robo, hasa kwa sababu mbuga za nyasi, Afrika zikiwemo, zinageuzwa mashamba. Ni kweli. Lakini ramani inayotumika sana huhesabu kwa vipande vya mita 500 kwa 500, ambavyo ni ekari zaidi ya 60. Ekari mbili na nusu za mzee, na matita ya Mama kando ya njia, hazitoshi kuwa nukta. Huku moto haujapungua. Umegawanywa kama ardhi ilivyogawanywa.)

NAIBU CHIFU: Mnanikataza amri, mnakataa tarehe, mnakataa ukanda. Mnataka nini?

MKULIMA: Nitasema ninalotaka. Mtu akitaka kuchoma, awaite jirani wote wanaopakana naye, siku mbili kabla. Waje na matawi na maji. Hakuna kuwasha kabla ya saa kumi na moja jioni, hakuna kuwasha pepo za chamchela zikiwa zimeonekana siku hiyo. Mama aambiwe mapema ahamishe matita yake, na sisi tumsaidie kuyabeba. Asiyeita jirani, moto ukivuka, alipe kilichoungua kwa kitu chenyewe: paa kwa paa, tita kwa tita. Tuna Nyumba Kumi. Isimamie hilo badala ya kukaa ikingoja wezi.

MWALIMU: Na jirani akikataa?

MKULIMA: Akikataa basi anifyekee.

DEREVA WA TRELA: Hilo nalipenda.

MUUZA NYASI: Mimi silipendi bado. Jirani maskini hawezi kumkatalia jirani mwenye miwa. Ataitikia kwa sababu mwezi ujao atamkopa unga. Na paa kwa paa ni maneno matamu: nani atamlazimisha? Mimi nataka pawe na karatasi. Chifu aandike: fulani, shamba fulani, tarehe, saa, majirani waliokuwepo. Moto ukitoroka, nisianze kuuliza upepo.

NAIBU CHIFU: Hapo ndipo mnaponiweka pabaya. Nikikataza na mtu akachoma, kosa ni lake. Nikiandika ruhusa na moto ukatoroka, ukala darasa la shule au ukamla mtoto, wa kwanza kuulizwa ni aliyetia sahihi. Mkubwa wangu hataniuliza habari za wimbi. Ataniuliza, ni nani alimruhusu? Amri ya kukataza inanilinda mimi pia, nakiri.

MKULIMA: Kwa hivyo tunakatazwa ili sahihi yako ilale salama.

NAIBU CHIFU: Na wewe unachoma ili mgongo wako ulale salama. Tusirushiane mawe.

MWALIMU: Chifu, daftari si ruhusa. Unaweza kuandika kwamba umearifiwa, si kwamba umeruhusu. Ile sheria ya zamani uliyoitaja ilitaka majirani waarifiwe. Daftari la taarifa halizidi hapo sana.

NAIBU CHIFU: Mwanasheria atakayenishtaki hatajali tofauti hiyo.

MUUZA NYASI: Mimi naijali. Sitafuti wa kufungwa. Natafuta jina. Mpaka leo moto ulionila hauna jina, una upepo tu.

MKULIMA: Basi andika la kwangu, Chifu. Liwe la kwanza kwenye daftari: ekari mbili na nusu, mabua, saa kumi na moja jioni, na Mama awe shahidi. Lakini ukifungua ukurasa wa miwa, pale lori lilipochelewa na moto ukatokea usiku, utaandika jina la nani?

NAIBU CHIFU: La miwa litahitaji kiwanda kiitwe. Litapata baraza lake.

MUUZA NYASI: Lini? Mwezi wa pili unaanza Jumapili.